Mlango wa Tumbo na Sukari Baada ya Kula: hotuba kwa wenye kisukari na wanaowapikia, Mtwara

Waheshimiwa viongozi wa mtaa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazee wetu, mama zetu na vijana mliofika: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi.

Wengi wenu mna daftari la kliniki mkononi. Lifungueni. Karibu vipimo vyote vilivyoandikwa humo ni vya asubuhi kabla ya kula. Mtu anatoka Naliendele au Mikindani na njaa yake, anachomwa kidole, anaambiwa 6.4 (vipimo vyote hapa ni milimoli kwa lita ya damu), anarudi nyumbani ameridhika. Mchana wa siku hiyohiyo, baada ya wali na soda, sukari iko 14 na hakuna anayejua. Miaka ikipita macho yanaingia ukungu, nyayo zinawaka moto usiku, na daftari bado linasema 6.4. Mtu anayekula saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, sehemu kubwa ya muda alio macho mwili wake uko kwenye kazi ya kupokea chakula alichokula. Saa hizo ndizo tulizokuja kuzizungumza. Kongosho, linalotengeneza insulini, tutalitaja, na insulini, homoni inayoishusha sukari ya damu, tutaitaja, lakini kiungo tutakachokaa nacho zaidi ni tumbo, yaani ule mfuko wa chakula ulio juu upande wa kushoto, chini ya mbavu.

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina glukosi, yaani sukari ya damu, ya gramu 5 hivi, kijiko kimoja cha chai. Sasa chukueni unga wa mahindi gramu 150, ambao ni ugali wa mtu mmoja mwenye njaa yake. Ndani yake mna wanga unaozidi gramu 110, na karibu wote mwisho wake ni glukosi. Hiyo ni zaidi ya mara 20 ya sukari yote iliyomo kwenye damu. Unga wa muhogo ndiyo kabisa, karibu wote ni wanga na protini yake ni kidogo mno. Mzigo kama huo ungeingia kwenye damu kwa mkupuo, hata kongosho zima lingezidiwa.

Hauingii kwa mkupuo kwa sababu tumbo lina mlango, na mlango huo una utaratibu. Sehemu ya juu ya tumbo hulegea na kupanuka ili kukipokea chakula. Sehemu ya chini ndiyo inayosaga: hujikaza mara 3 hivi kwa dakika na kukisukuma chakula kwenye mlango mwembamba wa kutokea, ambao hupitisha punje zisizozidi milimita 1 au 2. Kilicho kikubwa zaidi hurudishwa nyuma kikasagwe tena. Maji matupu, nusu yake inakuwa imeshapita katika dakika 20 hivi. Chakula kigumu kwanza hukaa dakika 20 hadi 30 bila kutoka kitu cha maana, nusu yake hupita kwenye saa mbili hivi, na ikifika saa nne kwa mtu mwenye afya kinatakiwa kibaki chini ya asilimia 10. Vinywaji vyenye chakula ndani yake, kama uji na maziwa, hupimwa kwa nguvu zilizomo: tumbo hupitisha kilokalori 1 hadi 4 kwa dakika. Oneni tofauti hiyo. Watu wawili, wote wazima, mmoja anaweza kupitisha mara nne ya mwenzake. Ukilinganisha watu waliokunywa kiasi kilekile cha sukari, karibu theluthi moja ya tofauti katika kilele cha sukari yao ya damu hutokana na kasi ya mlango huu peke yake.

Kikishapita mlangoni, chakula kinagusa kuta za utumbo mwembamba, na hapo ndipo insulini inapoitwa. Mwaka 1964 watafiti waliwapa watu glukosi kwa njia mbili, mdomoni na kwenye mshipa. Iliyopita mdomoni iliamsha insulini nyingi zaidi kwa mbali. Utumbo ulikuwa unatuma taarifa kwenye kongosho mapema. Wajumbe wenyewe ni homoni mbili. Ya kwanza, GIP, hutoka sehemu ya mwanzo ya utumbo. Ya pili, GLP-1, hutoka zaidi sehemu za chini, na pamoja na kuamsha insulini inalizuia ini lisiendelee kumwaga sukari yake na inaliambia tumbo lipunguze kasi. Kwa mtu mwenye afya, nusu hadi theluthi mbili ya insulini inayotoka baada ya kunywa glukosi ni kwa ajili ya wajumbe hawa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, wito huo umefifia. Ndiyo maana anaweza kuamka na sukari nzuri na bado akashindwa na sahani moja ya mchana.

Tumbo nalo lina homoni yake, ghrelini, iliyotambuliwa Japani mwaka 1999. Hupanda tumbo likiwa tupu, huleta njaa na huibana insulini isitoke bure. Ukila, inashuka.

Kuna jambo jingine ambalo hata wahudumu huwa wanalisahau. Sukari yenyewe hulirudia tumbo. Ikipanda sana, tumbo linapunguza kasi. Ikishuka mno, tumbo linaharakisha. Kwa hiyo mtu aliyeanza kula akiwa na 15 na mtu aliyeanza akiwa na 6 hawatapata mwendo uleule hata wakila sinia moja.

Tuje jikoni.

Uji ndio tunaoanza nao, kwa sababu huku kwetu mgonjwa yeyote huambiwa anywe uji, ni chakula chepesi. Kwa mwenye kisukari, uji laini wenye sukari ni katika vyakula vinavyopandisha haraka kuliko vyote. Unga umeshasagwa, umeshaiva, umeshakuwa kimiminika, tumbo halina cha kusaga. Ukiongeza vijiko vitatu vya sukari umemaliza kazi. Uji usipoepukika, uwe wa kikombe kidogo, bila sukari, uchanganywe karanga zilizosagwa au unywewe baada ya yai. Muhogo wa kuchemsha unaotafunwa, pamoja na samaki, huenda polepole kuliko unga uleule wa muhogo uliokorogwa uji. Ming'oko nayo ni hivyohivyo, inatafunwa. Bado ni wanga na bado inahesabiwa, lakini kitu kinachohitaji meno kinalipa tumbo kazi, na kazi hiyo ni muda.

Juisi na matunda: embe bivu moja la kutafuna si sawa na bilauri ya juisi ya maembe matatu. Msimu huu wa korosho, mabibo yamejaa kila shamba. Kula bibo moja, utafune na nyama yake, ni kitu kimoja. Kukamua bilauri nzima ni kitu kingine, maji ya mabibo yana sukari ya kutosha na hayana cha kuyachelewesha mlangoni.

Sasa sahani kuu. Hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa sababu haigharimu hata shilingi. Anza na mboga na samaki, malizia na ugali au wali. Mwaka 2015 huko New York, watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili walipewa mlo uleule kwa siku mbili tofauti. Siku moja walianza na mkate na juisi, wakafuatisha nyama na mboga baada ya dakika 15. Siku nyingine wakageuza. Walipoanza na nyama na mboga, sukari ilikuwa chini kwa asilimia 29 kwenye nusu saa na asilimia 37 kwenye saa moja. Ni watu wachache, hilo tunalikiri, lakini namna inavyofanya kazi inaeleweka: protini na mafuta yakitangulia, utumbo unatuma wajumbe wake mapema, mlango unabanwa kidogo, na wanga unakuja ukute insulini imeshaamka.

Kwa mapishi yetu maana yake ni hii. Pakua kisamvu, matembele au mchicha, na kipande cha changu au pweza. Kula hivyo kwanza, bila tonge, dakika 10 hadi 15. Kisha ugali, usiozidi ngumi yako mwenyewe. Mlenda na bamia tunavisifu zaidi, ule utelezi wake unakizuia chakula kisipite upesi na kuichelewesha sukari isinyonywe haraka. Tatizo letu kubwa ni sinia. Watu sita wanakula pamoja, kitoweo kiko katikati, kila mmoja anasubiri mwenzake, na kuanza na samaki mtupu kunaonekana ulafi. Mama unayepakua, mtengee mgonjwa sahani yake, aitangulize mboga yake, halafu ajiunge na wenzake kwenye sinia kwa tonge chache. Baba mwenye kisukari asione haya, na watoto wasimcheke.

Nazi inahitaji maelezo ya peke yake. Tui zito, samaki wa kukaanga na korosho vina mafuta, na katika vyote vinavyolichelewesha tumbo, mafuta ndiyo yanayolichelewesha zaidi. Wapo waliogundua kwamba wakila wali wa nazi, kipimo cha saa mbili baada ya kula kinatoka kizuri, 8 au 9, wakahitimisha kwamba wali wa nazi hauna neno. Hawakupima saa nne. Wanga haukupotea, ulikuwa bado tumboni, na unapanda wakati mtu ameshalala. Zaidi ya hapo, mafuta mengi huifanya insulini ifanye kazi kwa shida kwa saa kadhaa zinazofuata. Tumia tui jepesi, na siku ya wali wa nazi pima mara mbili, saa ya pili na saa ya nne. Korosho kiganja kimoja, gramu 30 hivi, zina mafuta gramu 13 na wanga gramu 9. Ni kitafunwa kizuri kwa mwenye kisukari, kwa kiasi hicho.

Baada ya kula, tembea dakika 10 hadi 15, mwendo wa kawaida. Misuli inayofanya kazi inachukua glukosi hata pale insulini ni kidogo.

Ramadhani, kwa sisi watu wa Kusini, ndiyo mtihani mkubwa wa mlango huu. Tumbo limekaa tupu mchana kutwa, halafu ndani ya dakika 5 linapokea tende sita, uji wenye sukari, chai na mihogo ya nazi. Fungua kwa maji na tende moja au mbili. Kaswali Magharibi. Ule muda wa swala ndio nafasi tunayoitafuta. Ukirudi, anza na samaki na mboga, kisha muhogo au viazi vipande vichache. Anayetaka kufunga aje kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu dozi lazima zipangwe upya, na wengine, hasa wanaochoma insulini, wataambiwa wasifunge. Aliyefunga akipima akakuta chini ya 3.9 au juu ya 16.7, afungue hapohapo.

Insulini ya kuchoma. Ile ya muda mfupi, na ile ya mchanganyiko inayoonekana kama maji ya mchele, huchomwa dakika 30 kabla ya kula. Huanza kazi baada ya nusu saa hivi na ile ya muda mfupi hufika kilele kati ya saa mbili na saa nne. Hesabu hiyo imepangwa ilingane na mwendo wa tumbo. Makosa tunayoyaona ni mawili. La kwanza, mtu anachoma, halafu kuni hazijashika, au mgeni ameingia, chakula kinakuja saa moja na nusu baadaye. Sukari inashuka kabla ya tonge la kwanza. Usichome mpaka uone sufuria inaelekea kuepuliwa. La pili, mtu anachoma baada ya kushiba kwa sababu alisahau. Sukari inapanda mapema bila mpinzani, na insulini inafika kilele wakati tumbo linaishiwa. Huyo hutetemeka usiku wa manane akidhani ana malaria.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika, kinachotakiwa ni kitu kinachopita mlangoni mara moja. Sukari vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye nusu kikombe cha maji, au soda ya kawaida nusu chupa. Hiyo ni gramu 15 hivi. Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado. Ikishapanda, ndipo ale chakula. Msimpe korosho, andazi, chokoleti wala maziwa mazito kwanza. Mafuta yatafunga mlango wakati ambapo kila dakika inahesabika. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni kwa ubavu na mkimbizeni kituo cha afya akawekewe glukosi kwenye mshipa.

Tumebakiza wale ambao ushauri huu wa mboga na kuchelewesha chakula hauwafai, na hao ndio wanaotuumiza moyo zaidi kwa sababu wanachelewa kutambuliwa. Kisukari kilichokaa miaka mingi bila kudhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu, ile ya nyayo mnaijua. Huharibu pia neva inayoliongoza tumbo, neva ya vagasi. Tumbo likipoteza neva hiyo husaga kwa uvivu na kupitisha chakula kwa kubahatisha. Dalili zake: unashiba kwa matonge matatu, tumbo linajaa hewa, unacheua, unatapika asubuhi chakula cha jana jioni kikiwa hakijasagika. Dalili kubwa zaidi iko kwenye mashine: umechoma insulini sawasawa, umekula vizuri, na saa moja na nusu baadaye una 3.2. Halafu usiku wa manane una 17. Insulini ilifika, chakula hakikufika. Chakula kilipofika, insulini ilikuwa imekwisha.

Watu hawa huzunguka kwa miaka wakinunua dawa za vidonda vya tumbo dukani. Wengine hupelekwa kwa waganga kwa kudhaniwa wametupiwa kitu. Ukijiona kwenye maelezo haya, omba rufaa, hospitali ya Ligula hapa Mtwara au ya Sokoine kule Lindi, daktari aangalie kwanza kama hakuna kidonda au kitu kilichoziba, kisha achunguze kama tumbo limechoka. Nyumbani, milo iwe midogo, 5 au 6 kwa siku. Chakula kiwe laini, cha kupondwa au supu. Mafuta yapungue sana. Kisamvu, ming'oko, maganda ya matunda na kila chenye nyuzi ngumu kipunguzwe, kwa sababu nyuzi zinaweza kujikusanya tumboni zikawa donge. Uji tuliousema vibaya mwanzo, kwa huyu unaweza kuwa ndio unaofaa, bila sukari. Asilale mpaka ipite saa moja au mbili baada ya kula. Muda wa kuchoma insulini daktari ataubadilisha, mara nyingi iwe pamoja na chakula au baada yake; usibadilishe mwenyewe. Dawa ya metoklopramidi husaidia wengine, lakini isizidi wiki 12, na uso au ulimi ukianza kuchezacheza, iache mara moja urudi hospitali. Na sukari ikimshuka mtu wa aina hii, maji ya sukari yanaweza kuchelewa tumboni, kwa hiyo asipopata nafuu baada ya vikombe viwili, msisubiri cha tatu. Nendeni.

Nao wanaotumia zile sindano mpya za jamii ya GLP-1, wajue zinalichelewesha tumbo makusudi. Asili yake ya mbali ni mate ya mjusi wa majangwa ya Marekani, ambamo John Eng aligundua mwaka 1992 homoni inayofanana na GLP-1 ya kwetu lakini inayodumu. Ya kwetu huharibiwa katika dakika 2 hivi. Dawa ya kwanza ilipata kibali mwaka 2005. Kichefuchefu ni kawaida mwanzoni. Usinunue mitandaoni, na ukitakiwa kufanyiwa upasuaji mwambie daktari wa usingizi kwamba unaichoma, kwa maana tumbo linaweza kuwa na chakula hata kama umekaa na njaa tangu jana.

Mwisho, kupima. Tunajua vijiti vya kupimia sukari ni ghali. Anayepata vitatu tu kwa wiki avitumie kwenye mlo mmoja: kabla ya kula, saa mbili baada ya tonge la kwanza, na saa nne kama ulikuwa na mafuta. Saa zihesabiwe kuanzia tonge la kwanza, si la mwisho. Wiki ijayo achague mlo mwingine. Kabla ya kula tunataka kati ya 4.4 na 7.2, baada ya saa mbili chini ya 10, kwa sababu kwenye 10 hivi ndipo figo nazo zinaanza kuimwaga sukari kwenye mkojo. Ikipanda zaidi ya 3 kutoka kipimo cha kwanza hadi cha pili, rudi kwenye sahani yako uangalie nini kilitangulia. Nawa mikono kwa maji na sabuni na ukaushe kabla ya kujichoma. Maji ya embe au bibo yaliyobaki kwenye kidole yanatosha kuifanya mashine isome juu sana, na mtu akaongezewa insulini asiyoihitaji.

Mashine ziko kwenye meza ile chini ya mwembe. Walioanza kula saa moja asubuhi, saa mbili zao zimetimia sasa hivi, waje kwanza. Wanaochoma insulini wabaki na daftari zao tupange muda wa kila mmoja. Ndoo ya maji na sabuni iko mwanzo wa mstari. Asanteni sana.